Fundi na Lori Lililopona Kewanja

Sogea karibu kidogo, wewe uliyeniuliza jana kwa nini nawakataza kushika spana kabla ya kuuliza maswali. Niliona ulivyokunja uso. Umekuja kujifunza kuendesha malori na kuyatunza, halafu mimi nakuweka kwenye benchi nakuhoji kama mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Usikate tamaa, utazoea. Aliyenifundisha mimi alinikera zaidi ya ninavyokukera wewe, na mpaka leo nikimkumbuka sijui nianze kumshukuru au kumlaumu. Nitamwita Fundi tu. Mugumu yote ilimwita hivyo, hata binti yake.

Gereji yake haikuwa na bango wala paa. Ilikuwa kiwanja cha udongo nyuma ya soko, udongo uliokunywa oili miaka mingi hadi mvua ikinyesha maji yalitembea juu yake bila kuingia. Ovaroli yake ilikuwa nyeusi kama sufuria ya uji wa msibani, lakini kofia yake ya kufuma ilikuwa nyeupe siku zote. Sikuwahi kuelewa aliwezaje. Nilimwona akiingia chini ya lori ambalo giaboksi yake inavuja, akatoka na oili mpaka kwenye nyusi, na kofia ikawa vilevile. Wakati wa swala ukifika aliweka spana chini pale alipofikia, akanawa, akaenda msikitini, na wewe ukabaki na injini iliyo wazi na mzigo wa watu mgongoni.

"Fundi, mahindi ya watu haya."

"Injini iliyofunguliwa haiendi popote," alijibu akiwa ameshageuka. "Na mahindi nayo hayana miguu."

Jambo la kwanza alilofanya gari likiingia lilikuwa kuweka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto hakuigusa zaidi. Alikuambia nenda kanywe chai. Wewe umetoka Machochwe alfajiri, umekula vumbi, gari linakukatikia njiani, na mtu anakutuma chai. Alisema gari la moto linaficha mambo, na kwamba ugonjwa wa injini unaonekana vizuri inapoamka. Alikuwa sahihi. Hilo ndilo lililoudhi zaidi, kwamba mara nyingi alikuwa sahihi, na hakufanya haraka kukuonyesha.

Injini ikipoa yalianza maswali. Lilianza lini kumisi, yaani kukatakata? Ulikuwa mlimani au kwenye tambarare? Moshi ulikuwa rangi gani? Kabla halijaanza, nani alilishika mara ya mwisho, na alifungua nini? Ukijibu "nadhani", alisimama akaenda kwenye gari la mtu mwingine.

"Nadhani ni nani?" aliwahi kumuuliza dereva mmoja wa trekta. "Mlete huyo Nadhani hapa, nimuulize mwenyewe."

Watu walicheka, lakini yule wa trekta aliwasha akaondoka na hakurudi. Wateja wengi walimkimbia Fundi hivyo. Walikwenda kwa mafundi waliobadilisha filta, nozeli na pampu kwa siku moja, gari likapona, na hakuna aliyejua ni kipi kilichoponya. Fundi alibadilisha kitu kimoja tu, akaliachia gari lifanye kazi, kisha akauliza tena. Kwake, ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja umejifunga macho mwenyewe. Nakuambia hivi kwa sababu ni kweli, na ukilishika hili moja tu umeshakuwa mbele ya nusu ya magereji ya mkoa huu. Lakini usifikiri ilikuwa rahisi kukaa na mtu wa namna ile.

Mtu aliyechukia kukisia namna hiyo alikisia mvua kila siku. Alitazama juu ya vilima vya upande wa hifadhini, akatangaza, "Leo haishuki," akaacha viti vya magari vya sponji nje. Ikashuka. Sikumbuki hata mara moja alipopata. Na hakuona ajabu yoyote. Ukimtania alisema mvua haina spana.

Jambo la pili la ajabu: fundi huyu wa malori hakuweza kupanda lori. Alitapika. Akiketi ndani ya kabini, kona mbili tu na uso wake uligeuka rangi. Akitaka kwenda Tarime alisubiri gari dogo, akakaa mbele na kioo wazi, akanyonya limau. Hivyo magari yote aliyatibu yakiwa yamesimama. Kwa magari mengi hilo lilitosha. Kwa langu halikutosha, na nitakufikisha hapo.

Kabla ya hapo lazima nikuambie kuhusu neno lake moja: "Sijaona." Alilitumia kama mlango. Watu wawili waligombana sokoni kuhusu difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, iliyouzwa ikiwa imekufa, wakaja kwake awe shahidi, maana wote walimwamini. Alipangusa mikono. "Difu nimeiona, imekufa. Ilikufa mikononi mwa nani, sijaona." Siku nyingine lori liligonga uzio wa mtu na ng'ombe wawili, dereva akashikwa, Fundi akaitwa akague. Mama wa yule dereva alimfuata analia, akamwomba aseme mwanawe si mlevi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akasema breki ameziona na zilikuwa zimekufa, kijana hajamwona. Breki zilitosha kumtoa yule kijana. Lakini mama yule hakumsamehe, kwa sababu hakuwa amemwomba habari za breki.

Mimi nilikuwepo siku hiyo na nilimtetea Fundi. Nilisema huyu ndiye mtu pekee mjini asiyebuni maneno. Sikujua zamu yangu inakuja.

Kazi aliyojivunia kuliko zote haikuwa ya injini. Ilikuwa mfuniko wa tanki la mafuta. Kwetu, ukilaza lori mahali bila mlinzi, asubuhi unakuta mfuniko umeng'olewa na dizeli imenyonywa kwa mpira. Ukipita upande wa Kewanja ni zaidi, maana wachimbaji wadogo wana makarasha ya kusagia mawe, na karasha halimwulizi mtu dizeli imetoka wapi. Fundi alikata bati nene kwa kipimo cha mdomo wa tanki, akaweka chini yake mpira mnene wa tyubu ya trekta, akachomelea komeo, akakupa kufuli. Ukifunga, mpira ulikaa mdomoni kama umeota hapo. Alipiga bati kwa kidole na kusema hata mbu hapiti. Malori mengi ya Mugumu yalitembea na mfuniko wa Fundi, na mengine mpaka leo yanao.

Lori nililoendesha lilikuwa la mama mmoja mfanyabiashara wa mahindi wa Machochwe, mjane, mwanamke mwenye sauti ndogo na kumbukumbu kubwa. Lori lilikuwa la marehemu mumewe, la zamani, pua ndefu, geji ya mafuta imekufa siku nyingi, kwa hiyo mafuta tulipima kwa kijiti. Mfuniko wake wa kiwandani ulipoibiwa, Mama alinituma kwa Fundi nikaweka ule wa bati. Ufunguo wa kufuli akakaa nao yeye, ameufunga kwenye pindo la kanga. Sikuona kosa. Mali ni yake.

Si muda mrefu baadaye lori likaanza kumisi. Tulitoka Machochwe likivuta vizuri, tukavuka Mto Mara vizuri, lakini tukianza kupanda kuelekea Nyamongo linapoteza nguvu. Injini inatetemeka, inakata, inashika, inakata tena, kama mtu anayeongea huku anasinzia. Mama akiwemo, tulijikokota mpaka Kewanja, tukasimama kwenye vibanda vya chai, yeye akafungua kufuli tupime mafuta, maana wasiwasi wa kwanza wa dereva ni tanki kukauka. Mafuta yapo. Tunafunga, tunawasha, na lori linakwenda mpaka Tarime kama limezaliwa jana. Vijana wa pale Kewanja walitucheka. Walisema lori letu limeonja dhahabu, kila likifika kwao linachangamka.

Safari ambazo Mama hakuja, lori halikupona. Lilikata kuanzia mlimani, likakata Kewanja, na nilifika Tarime wanunuzi wakiwa wameshaondoka. Nilirudi na mahindi. Unaona hesabu anayopiga mwenye mali? Yeye akiwemo, lori ni zima. Asipokuwemo, ni bovu, na linaharibika palepale penye makarasha.

Nilimpelekea Fundi. Alifanya kila kitu kwa utaratibu wake wa kuua mtu taratibu. Alibadilisha filta ya dizeli, akatoa upepo kwenye mabomba, akaniambia niende safari moja nirudi niseme. Nikarudi: bado. Akaangalia hewa, akasema moshi si mweusi, basi injini haikosi hewa, inakosa mafuta. Kisha akafanya lile jaribio ninalowafundisha nyie: injini ikiwa inanguruma alilegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya nyingine. Ukilegeza ya nozeli nzima, injini inadondoka na kulalamika. Ukilegeza ya nozeli mbovu, haina habari. Zote zililalamika sawasawa.

"Hapa haliumwi," akasema.

"Najua haliumwi hapa, Fundi. Linaumwa mlimani."

"Mlima sijauona."

"Basi panda twende ukauone."

Akanitazama kama nimemwambia aruke kwenye kisima. Akaenda kunawa.

Ikaendelea hivyo, safari baada ya safari. Nilikuwa nikilala naiota ile sauti ya kukata. Nilibadilisha mahali pa kununua dizeli. Nilisafisha mabomba mwenyewe. Nilifikia hatua ya kuliongelesha lori mlimani, nalo likakata. Na kila niliporudi Mugumu nilimkuta mtu yuleyule mtulivu, kofia nyeupe, akiuliza maswali yaleyale, akinionyesha kwamba palipo na yeye hapana ugonjwa.

Siku moja Mama alikuja gerejini mwenyewe. Aliketi juu ya tairi, akamsalimia Fundi, akauliza habari za binti yake, kisha akasema bila kunitazama:

"Fundi, nieleze mimi ambaye sijui magari. Nikiwemo, linapona. Nisipokuwemo, haliponi. Gari linanijua?"

"Gari halijui mtu, Mama."

"Basi dereva ndiye anayenijua."

Mafundi wengine wakaacha kugonga. Nilisikia masikio yangu yakiwaka.

"Mama," nikasema, "ufunguo unao wewe. Nitaibaje?"

"Mura, kijana wangu, wewe ni dereva. Mimi ninao ufunguo wa juu. Njia za chini unazijua wewe."

Nikamgeukia Fundi. Nilikuwa nimemjua miaka, nimekula naye, nimemshikia taa chini ya magari. Alijua nilikuwa nashinda nalia na lori lile. Nikamwambia, "Fundi, mwambie mimi siibi."

"Unaiba?" akaniuliza.

"Siibi."

"Haya, amesema." Akamgeukia Mama. "Mimi sijaona akiiba. Na sijaona asipoiba. Huko njiani sipo."

Nataka uelewe jinsi maneno yale yalivyo. Hayana uongo hata tone. Na yaliniacha mtupu mbele ya watu.

Mama akasimama, akakung'uta kanga. "Basi safari ijayo wewe ndiye utakayekuwepo. Panda naye mpaka Tarime. Mimi nabaki na ufunguo wangu. Kama lori ni zima, huyu akishuka asipande tena, wala langu wala la mtu mwingine. Nitahakikisha."

Fundi hakuwa na pa kukimbilia. Alipanda. Alikuja na malimau na mfuko wa plastiki, na kabla hatujafika mtoni alikuwa ameutumia. Sikumwonea huruma. Nilikuwa naomba, naomba kwa moyo wote, gari langu liharibike. Fikiria dereva anaomba hivyo.

Tulipoanza kupanda, likakata.

Hapo ndipo nilipomwona mtu mwingine kabisa. Rangi ilimrudia usoni. Alitoa kichwa dirishani asikilize silensa, akanipungia mkono niendelee, niendelee, mpaka likazima lenyewe pembeni ya barabara. Aliruka chini kama kijana. "Sasa linasema," akaniambia, na alikuwa anatabasamu. Aliishika pampu ya mkono ya kuvutia mafuta. Ilikuwa nzito, haitaki kurudi. Akashuka chini ya tanki, akalegeza bomba linalotoa mafuta kwenda kwenye injini. Tanki lilikuwa zaidi ya nusu. Dizeli ilipaswa kummwagikia mikononi. Haikutoka hata tone. Badala yake bomba likavuta. Tulisikia wote wawili hewa ikiingia ndani, fyuuu, muda mrefu, kama tanki lilikuwa limezama majini na sasa limetoa kichwa.

Chukua chupa ya maji ya plastiki, weka mdomo wako uzibe mdomo wa chupa wote, unywe. Chupa itajikunja, halafu maji yatagoma. Ndivyo tanki linavyofanya. Kila dizeli inayotoka, hewa lazima iingie mahali pake. Malori mengi yana kipumulio pembeni ya tanki, kimpira chembamba kinachoning'inia. Lile la Mama lilikuwa la zamani, kipumulio chake kilikuwa ndani ya mfuniko wa kiwandani, ule ulioibiwa. Tukaliwekea mfuniko ambao hata mbu hapiti. Tanki lilikuwa linanyonywa huku limezibwa pua, na lilipofika mlimani likakosa nguvu ya kutoa. Mama akiwemo tulifungua kupima mafuta, hewa ikaingia, lori likapona. Mama asipokuwemo, hakuna wa kufungua.

Haya yote nakueleza leo. Siku ile nilisikia fyuuu tu. Fundi alibaki ameinama na bomba mkononi. Kisha akainua macho polepole, akatazama juu, kwenye bati lake.

"Nenda kachote maji," akasema.

"Rejeta imejaa, Fundi."

"Kachote."

Nilichukua dumu nikashuka kwenye nyumba za chini. Nikiwa huko nilisikia nyundo, mara chache tu. Niliporudi alikuwa amekaza bomba, amepangusa mikono, amerudi kuwa yule wa siku zote. "Washa." Lori lilipanda ule mlima, likapita Kewanja bila kusimama, likaingia Tarime wanunuzi wakiwa bado wanakunywa chai. Niliimba njia nzima. Yeye alitapika.

Tuliporudi Mugumu, Mama alikuwa sokoni kati ya magunia, na wafanyabiashara wenzake, wenye malori nao wamo.

"Fundi, lilikuwa na nini?"

"Limepona."

"Nimeuliza lilikuwa na nini."

"Mafuta yalikuwa hayafiki kwenye injini. Sasa yanafika."

Mama akatikisa kichwa taratibu. "Yalikuwa yanakwenda wapi?"

Fundi alikuwa na jibu. Nilimwona analo. Alitazama chini, akarekebisha kofia, akasema anachelewa swala, akaondoka. Wote pale wakanigeukia mimi.

Sikuendesha tena lori la Mama, na kama alivyoahidi, sikuendesha la mtu mwingine Mugumu. Asubuhi iliyofuata nilikwenda kuchukua blanketi langu kabinini, nikaona katikati ya lile bati tundu jipya la msumari, linang'aa pembeni. Nilisimama pale mpaka likaniingia akilini. Utauliza kwa nini sikupiga kelele. Kelele za nani? Mtu anayeitwa mwizi akionyesha tundu kwenye mfuniko wa tanki, watu wataona tundu la kunyonyea. Aliyeweza kusema ni mmoja tu. Nikaenda kulima kwa ndugu zangu, nikafundishwa subira kwa lazima, na baadaye sana nikapata kazi hii ya kufundisha, kwa sababu aliyeniajiri alitoka mbali na hakuwa amesikia habari zangu.

Nilipata habari kwamba Fundi alizunguka akitoboa mifuniko yake yote. Hakusema kwa nini. Aliwaambia wenye magari ni mtindo mpya.

Mwaka huu nilikwenda Gorong'a kwa shughuli nyingine, nikaambiwa yupo pale, kwa binti yake aliyeolewa huko. Nilikuwa na hasira ya kutosha kupita bila kusimama. Nilisimama. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na zizi, macho yamefunikwa na utando, kofia nyeupe.

"Shikamoo, Fundi."

Aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Marahaba. Sema tena."

"Shikamoo."

"Dereva," akasema. Binti yake aliniletea uji wa ulezi. Tuliongea habari za mvua. Alisema leo haishuki. Nilikuwa nimeshamaliza uji aliposema:

"Ulikuwa mfuniko."

"Najua. Niliona tundu asubuhi yake."

"Ulijua, na hukumwambia?"

"Angeniamini, Fundi?"

Alifikiri kweli, kama ninavyomjua, kana kwamba swali lilihitaji kupoa kwanza. "Hapana," akasema. "Mimi angeniamini. Nilisema sitasema nisichokiona. Kile nilikiona."

Nilitaka kumjibu vibaya. Nilikuwa na maneno niliyoyatunza miaka. Lakini alishaanza kumwita binti yake amtafutie namba ya Mama. Gorong'a ni mpakani, simu hushika mitambo ya Kenya mara nyingi kuliko yetu. Ilitukaribisha Kenya mara kadhaa, tukazunguka zizi tukitafuta Tanzania, mimi nimemshika mkono. Hatimaye ikaita, sauti ikiwa wazi ili na mimi nisikie.

"Mama, ni Fundi wa Mugumu. Nakupigia kuhusu lile lori."

"Lori gani, Fundi? Lori niliuza chuma chakavu siku nyingi."

"Sipigi kwa ajili ya lori. Napiga kwa ajili ya dereva. Uliniuliza mafuta yalikuwa yanakwenda wapi. Hayakwenda popote. Mfuniko wangu uliziba hewa. Ukifungua tanki, linapona. Asipokuwepo wa kufungua, haliponi. Nililiona kwa macho yangu, nikatoboa, nikanyamaza."

Upande wa pili nilisikia kuku, na mtu anapepeta nafaka, kisha kupepeta kukakoma.

"Yuko hapo?"

"Yupo."

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba." Alivuta pumzi. "Nilimwambia kila mwenye gari Mugumu."

"Najua, Mama."

"Nitawafuata mmoja mmoja. Nitawaambia. Wengine wameshakufa, mura. Hao nitafanyaje?"

Fundi alisogeza simu karibu na mdomo. Salio likaisha.

Sasa chukua spana, lori liko pale, injini imepoa. Uliza maswali yako yote. Na ukipata ubovu, leo au siku yoyote, usifunge boneti kwanza. Mwite mwenye gari, mwite na dereva, wasimame wote wawili mbele yako, uwaonyeshe kwa kidole ubovu ulikuwa wapi na nani aliuweka, hata kama ni wewe.